Retikulosaiti: jinsi ya kusoma kiwango cha chembe nyekundu changa kwenye majibu ya damu

Majibu yamerudi na wingi wa damu (Hb) ni 7. Hapo umejua kwamba damu ni pungufu, lakini hujajua kwa nini. Haitengenezwi ya kutosha? Au inatengenezwa vizuri kabisa, ila inavuja au inavunjika mwilini? Kipimo cha retikulosaiti, yaani chembe nyekundu ambazo hazijakomaa, ndicho kinachotenganisha mambo hayo mawili. Hata maabara ndogo yenye hadubini na chupa ya rangi inaweza kukifanya. Tatizo ni kwamba mara nyingi husahaulika kuandikwa, na kikiandikwa husomwa kwa kutazama asilimia peke yake. Asilimia hiyo hudanganya, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inaeleza jinsi ya kutodanganywa nayo.

Chembe changa inatoka wapi

Chembe nyekundu hutengenezwa kwenye uboho, ndani ya mifupa. Inapokaribia kutoka, hutupa kiini chake na kubaki na mabaki ya RNA (maelekezo ya kutengeneza protini) inayoyatumia kumalizia kutengeneza hemoglobini, protini inayobeba oksijeni. Katika hali hiyo ndipo huitwa retikulosaiti. Hukaa kwenye uboho kwa siku kama 3, huingia kwenye mzunguko wa damu na kukaa huko siku 1 hivi, kisha mabaki ya RNA huisha na inakuwa chembe kamili itakayoishi takriban siku 120.

Shika namba hizo mbili, siku 1 na siku 120. Kama kila chembe hutumia siku 1 kati ya 120 ikiwa changa, basi katika damu ya mtu mzima mwenye afya tunategemea changa ziwe kama 1 kati ya 120, yaani karibu asilimia 0.8. Ndiyo maana viwango vya kawaida vya mtu mzima huandikwa asilimia 0.5 hadi 2.5. Mtoto anapozaliwa huwa na kiwango cha juu zaidi, asilimia 2 hadi 6, ambacho hushuka ndani ya wiki za mwanzo.

Usizichanganye na NRBC, ambazo huonekana kwenye baadhi ya mashine. Hizo ni changa zaidi, bado zina kiini. Kwa mtoto aliyezaliwa jana si ajabu kuziona. Kwa mtu mzima hazitakiwi kuwepo kwenye damu, na zikionekana daktari atafute sababu.

Hatua ya 1: Hakikisha kipimo kimeombwa, na kwa wakati unaofaa

Kipimo cha picha kamili ya damu, kinachoandikwa FBP Tanzania na FHG Kenya, kwa kawaida hakina retikulosaiti ndani yake. Ni lazima kiandikwe peke yake kwenye fomu. Kama umeambiwa una upungufu wa damu na sababu haijulikani, uliza: "Je, retikulosaiti zimepimwa?"

Damu huchukuliwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, chenye dawa ya EDTA inayozuia kuganda. Mililita 2 hadi 4 zinatosha kwa mtu mzima. Kwa mtoto mchanga nusu mililita inatosha kwenye kichupa kidogo. Hakuna haja ya kufunga kula.

Jambo la kuzingatia zaidi ni wakati. Damu ichukuliwe kabla ya kuongezewa damu na kabla ya kuanza vidonge vya kuongeza damu. Chembe za mchangiaji huzichanganya zako, na wingi wa damu ukishapandishwa kwa chupa mbili, uboho nao hupunguza kasi. Ukipima siku mbili baada ya hapo, huwezi tena kujua uboho ulikuwa unafanya nini kabla. Mgonjwa akiwa mahututi hasubirishwi damu kwa sababu ya kipimo, lakini kujaza kichupa kimoja kabla ya kuunganisha mpira ni kazi ya dakika moja.

Hatua ya 2: Jua kinachofanyika maabara, maana makosa mengi huzaliwa hapo

Kwa njia ya mkono, matone mawili au matatu ya damu huchanganywa na kiasi hichohicho cha rangi, kwa kawaida methilini bluu mpya. Mchanganyiko huwekwa kwenye joto la nyuzi 37 kwa dakika 15 hadi 20. Rangi huingia chembe zikiwa bado hai na kuikusanya RNA iwe nyuzinyuzi au vitone vya bluu iliyokoza. Kisha mtaalamu hukoroga tena, hutandaza tone kwenye slaidi, huliacha likauke bila kulitia kemikali ya kugandisha, na huhesabu kwa lenzi ya 100 yenye mafuta. Ile hatua ya kukoroga tena inarukwa na wengi. Chembe changa ni nyepesi na hupanda juu, kwa hiyo asiyekoroga atapata hesabu ya uongo, juu au chini kutegemea alichota wapi.

Kawaida huhesabiwa chembe 1,000. Sasa fanya hesabu: ukikuta changa 10 kati ya 1,000 umepata asilimia 1, lakini kwa bahati nasibu peke yake jibu la kweli linaweza kuwa popote kati ya 0.4 na 1.6. Kwa hiyo jibu la mkono la 0.8 wiki iliyopita na 1.3 leo si mabadiliko ya kushangilia. Mashine huhesabu makumi ya maelfu ya chembe, hivyo tofauti ndogo kwenye mashine ina maana zaidi. Maabara za mkono hupunguza pengo hilo kwa kuhesabu chembe nyingi zaidi, au kwa kioo cha Miller kinachowekwa ndani ya lenzi ya macho. Kioo hicho kina mraba mkubwa na mraba mdogo ulio moja ya tisa ya ule mkubwa: changa huhesabiwa kwenye mkubwa, chembe zote kwenye mdogo, kisha idadi ya mdogo huzidishwa kwa 9.

Mashine nayo ina upofu wake. Inaona chochote chenye RNA au DNA ndani ya chembe nyekundu, na vimelea vya malaria vina vyote viwili. Mgonjwa mwenye malaria nyingi anaweza kuonyeshwa retikulosaiti za juu ambazo kwa kweli ni vimelea. Vivyo hivyo vitone vya Howell-Jolly, yaani mabaki ya DNA ya kiini, ambavyo huonekana kwa watu wasio na bandama au ambao bandama yao imekufa, kama wagonjwa wengi wa selimundu (sickle cell), na pia chembe sahani, zile za kugandisha damu, zilizo kubwa kupita kiasi. Kwa njia ya mkono, hatari ni masimbi ya rangi isiyochujwa yaliyokaa juu ya chembe. Rangi ichujwe kabla ya kutumika.

Na kichupa kilicholala? Chembe changa huendelea kukomaa hata zikiwa ndani ya kichupa, kwa hiyo hesabu hushuka kadiri saa zinavyopita. Kwenye joto la kawaida ni vizuri kipimo kifanyike ndani ya saa 6. Kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8 kinaweza kungoja hadi kesho yake. Sampuli iliyosafiri na basi kutoka wilayani mchana kutwa bila kisanduku cha baridi itatoa jibu la chini kuliko ukweli.

Hatua ya 3: Tambua vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi

RET% ni asilimia: chembe changa kati ya kila chembe nyekundu 100. Baadhi ya maabara huandika kwa kila 1,000, kwa alama ‰, na hapo 12 ni sawa na asilimia 1.2. Usishtuke kabla ya kuangalia alama.

RET# ni idadi halisi katika kiasi fulani cha damu. Kwa mtu mzima ni kati ya 25 na 100 × 10⁹ kwa lita, ingawa mipaka hutofautiana kidogo kati ya maabara na maabara. Karatasi nyingine itaandika 50,000 kwa mikrolita na nyingine 0.05 × 10⁶ kwa mikrolita. Hayo ni sawasawa na 50 × 10⁹ kwa lita. Kama RET# haikuandikwa, itafute mwenyewe: asilimia zidisha kwa RBC (idadi ya chembe nyekundu zote), gawanya kwa 100. RBC 4.5 × 10¹² na asilimia 1.2 hutoa 0.054 × 10¹², yaani 54 × 10⁹.

IRF ni sehemu ya retikulosaiti zilizo changa zaidi, zenye RNA nyingi. Hupanda siku chache kabla ya idadi yenyewe, kwa hiyo ni dalili ya mapema kwamba uboho umeamka. Ret-He, ambayo mashine nyingine huiita CHr, ni kiasi cha hemoglobini ndani ya chembe changa. Ikiwa chini ya pikogramu 29 hivi, uboho unakosa madini ya chuma wakati huu tunaozungumza, hata kama feritini, kipimo cha akiba ya chuma, inaonekana nzuri kwa sababu ya homa au uvimbe.

Hatua ya 4: Sahihisha asilimia kabla ya kuiamini

Asilimia hudanganya kwa njia mbili. Kwanza, chembe zote zikipungua, changa zilezile zinakuwa sehemu kubwa ya kilichobaki, bila uboho kuongeza hata moja. Pili, damu ikipungua sana uboho huzitoa chembe kabla ya wakati wake, nazo humalizia utoto wao ndani ya damu kwa siku 2 au zaidi badala ya 1. Kila moja inahesabiwa mara mbili, kwa maana hiyo.

Hesabu ya kurekebisha ina sehemu mbili. Unahitaji hematokriti, inayoandikwa HCT, ambayo ni sehemu ya damu iliyochukuliwa na chembe nyekundu.

Kwanza zidisha RET% kwa HCT yako, kisha gawanya kwa 45. Maabara nyingine hutumia 40 kwa wanawake. Tofauti si kubwa kiasi cha kubadilisha uamuzi.

Kisha gawanya jibu hilo kwa siku ambazo chembe changa hukaa kwenye damu kulingana na HCT: HCT ikiwa 45 gawanya kwa 1, ikiwa 35 kwa 1.5, ikiwa 25 kwa 2, ikiwa 15 kwa 2.5. Chagua iliyo karibu na yako.

Utakachopata ndicho kielelezo cha uzalishaji, RPI. Kwa mtu mwenye upungufu wa damu, chini ya 2 maana yake uboho haujibu inavyotakiwa. Juu ya 3 maana yake uboho unajibu vizuri, na chembe zinapotelea kwingine. Kati ya 2 na 3 ni eneo la kijivu, na hapo vipimo vingine ndivyo vitakavyoamua.

Tuchukue mama mwenye Hb 7, HCT 21, RBC 2.4 na RET% 3. Mashine imeweka alama ya H (iko juu) kwenye 3, kwa hiyo anaambiwa "uboho wako unafanya kazi nzuri". Tazama: 3 × 21 ÷ 45 ni 1.4, na 1.4 ÷ 2 ni 0.7. RET# yake ni 72, namba inayoonekana ya kawaida, lakini kwa mtu mwenye Hb 7 namba ya kawaida si jambo la kawaida hata kidogo. Uboho wake ungetakiwa uwe unakimbia, nao unatembea.

Sasa mtoto wa miaka 9 mwenye selimundu: HCT 22, RBC 2.5, RET% 14. RET# ni 350. Hesabu: 14 × 22 ÷ 45 ni 6.8, gawanya kwa 2 unapata 3.4. Damu yake ni pungufu kama ya yule mama, lakini hadithi ni nyingine kabisa. Huyu uboho unafanya kazi usiku na mchana, ila chembe zake hudumu siku 10 hadi 20 badala ya 120.

Hatua ya 5: Kiwango kikiwa chini

Damu pungufu pamoja na RPI chini ya 2: uboho unakosa malighafi, unakosa amri, umezuiwa au umeharibika.

Malighafi ni madini ya chuma, foleti na vitamini B12. Angalia MCV, ukubwa wa chembe. Chini ya 80 elekea kwenye chuma au thalasemia (ugonjwa wa kurithi wa hemoglobini), juu ya 100 elekea kwenye foleti na B12. Amri ni erithropoyetini, homoni inayotoka kwenye figo. Figo zikichoka, uboho hausikii mtu. Kizuizi kinaweza kuwa kifua kikuu, VVU visivyodhibitiwa, au ugonjwa wowote wa uvimbe wa muda mrefu. Dawa pia: za saratani, na zidovudini, ile ARV inayoandikwa AZT. Chembe nyeupe na chembe sahani nazo zikiwa chini, usingoje, uboho wenyewe uchunguzwe.

Malaria inastahili maneno yake. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa malaria hupasua chembe, retikulosaiti zitakuwa juu. Wakati homa iko kileleni huwa kinyume: uvimbe wa ugonjwa huukandamiza uboho, na kiwango kinakuwa chini kuliko upungufu wa damu ungeashiria. Hupanda baada ya vimelea kuondoka, ndani ya wiki moja au mbili. Kwa hiyo kiwango cha chini siku ya kulazwa hakithibitishi ugonjwa mwingine wa uboho. Pima tena.

Kosa jingine la muda ni baada ya kutoka damu nyingi ghafla, kama wakati wa kujifungua au ajali. Uboho unahitaji siku 3 hadi 5 kabla mazao yake hayajaonekana. Kiwango cha chini siku ya kwanza ni cha kutarajiwa.

Lakini kuna hali moja isiyosubiri. Mtu mwenye selimundu ambaye kawaida retikulosaiti zake ni asilimia 10 au 15, akipauka ghafla na kiwango kikaporomoka chini ya asilimia 1, huenda amepata virusi vya parvo B19, vinavyoua chembe mama za damu nyekundu. Uzalishaji husimama kwa siku 7 hadi 10. Mtu mwingine hatajua hata kama aliugua, kwa sababu chembe zake huishi siku 120. Huyu ambaye zake huishi siku chache damu inaweza kumwishia ndani ya wiki. Apelekwe hospitali yenye uwezo wa kuongeza damu siku hiyohiyo. Akae mbali na wajawazito, kwa kuwa virusi hivi hudhuru mtoto tumboni, na ndugu zake wenye selimundu nao wapimwe. Ikiwa kinyume chake amepauka ghafla, bandama imevimba na retikulosaiti ziko juu, hapo damu imenaswa ndani ya bandama, nayo ni dharura vilevile.

Ndiyo sababu kila familia yenye mtoto wa selimundu inafaa kuandika kwenye daftari la kliniki kiwango chake akiwa mzima. Bila namba hiyo, "asilimia 2" kwenye karatasi itaonekana nzuri, kumbe ni mporomoko.

Hatua ya 6: Kiwango kikiwa juu

Damu pungufu na RPI juu ya 3: ama unatoka damu, ama chembe zinavunjika. Kutoka damu tafuta kwenye choo cheusi, hedhi nzito, upasuaji wa karibuni. Kuvunjika kwa chembe huacha alama: macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, LDH (kimeng'enya kinachovuja chembe zikipasuka) juu, bilirubini isiyochakatwa (rangi ya manjano itokanayo na hemoglobini) juu, haptoglobini (protini inayozoa hemoglobini iliyomwagika) chini. Hapo daktari ataomba slaidi ya damu, kipimo cha Coombs kuona kama kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia chembe, kipimo cha selimundu, na cha G6PD, kimeng'enya kinachokinga chembe nyekundu.

Hicho cha mwisho kina mtego. Chembe changa zina G6PD nyingi kuliko kuukuu. Mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya hicho akitumia dawa kama primakwini au dapsoni, chembe kuukuu hupasuka na changa ndizo zinazobaki. Ukimpima wiki hiyo anaweza kutoka "mzima". Kipimo kirudiwe baada ya miezi 3 hivi.

Aliyetibiwa malaria kali kwa sindano za artesunate, hasa aliyekuwa na vimelea vingi, anaweza kupata uvunjikaji wa chembe uliochelewa, wiki 1 hadi 3 baada ya kupona. Apimwe wingi wa damu kila wiki hadi wiki 4, na ukishuka huku retikulosaiti zikipanda, arudi hospitali.

Kiwango cha juu kwa mtu ambaye Hb ni ya kawaida kinaweza kuwa ujauzito, kuhamia sehemu ya mwinuko mkubwa, kupona kutoka kutokwa damu, au uvunjikaji ambao uboho unaumudu kufidia. Dalili zisipokuwepo, kurudia baada ya wiki chache kunatosha.

Hatua ya 7: Tumia kipimo kufuatilia dawa

Hapa ndipo faida kubwa iliyosahaulika. Hb huchukua wiki 2 hadi 4 kupanda vya kutosha kuonekana. Retikulosaiti huanza kupanda siku ya 3 hadi 5 baada ya kuanza madini ya chuma, na hufika kileleni siku ya 7 hadi 10. Pima siku ya kuanza, pima tena kati ya siku ya 7 na 10. Zikipanda, dawa ndiyo yenyewe. Endelea mpaka Hb irudi sawa, kisha miezi 3 zaidi ili kujaza ghala. Zisipopanda, uliza kwa utaratibu: vidonge vinamezwa kweli? Vinamezwa pamoja na chai? Chai huzuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo acha angalau saa 1 hadi 2 kati yao. Kuna minyoo ya safura au damu inayoendelea kutoka? Au tatizo halikuwa chuma tangu mwanzo? Kuongeza vidonge bila kuuliza hayo ni kutwanga maji kinuni.

Kwa sindano za B12 mwitikio ni wa haraka zaidi, huonekana siku ya 3 au 4 na kufika kileleni karibu na siku ya 7. Mwitikio ukianza vizuri kisha ukasimama, mara nyingi chuma kimekwisha katikati ya ujenzi.

Anayetumia haidroksiyurea kwa selimundu hutarajiwa retikulosaiti zishuke, na hiyo ni dalili ya dawa kufanya kazi. Zikishuka chini ya 80 × 10⁹ wakati Hb iko chini ya 9, ni dalili ya sumu: kwa kawaida daktari husimamisha dawa kwanza, na huirudisha kwa dozi ndogo damu ikishapona. Usijisimamishie mwenyewe, lakini usingoje tarehe ya kliniki pia. Piga simu au nenda.

Unapokwenda kwa daktari

Beba karatasi zote za FBP za mwaka mzima, si ya mwisho tu. Kwenye karatasi moja andika tarehe, Hb, HCT, MCV, RET%, RET#, na pembeni andika siku uliyoongezewa damu, siku uliyougua malaria na dawa ulizotumia, pamoja na za kienyeji. Jibu la retikulosaiti lisilo na tarehe ya kuongezewa damu pembeni yake halisomeki. Na mgonjwa akiwa anahema kwa shida, moyo unakwenda mbio akiwa amelala, amechanganyikiwa, au viganja vimekuwa vyeupe kabisa, hesabu zote hizi ziwekwe kando kwanza. Apelekwe sehemu ya dharura, na kichupa cha zambarau kijazwe huko.